Muulize Mwenyeji: Wageni wa kongamano tuwapeleke wapi?

Mwangaluka wasomaji wangu. Kila vyuo vya hapa Mwanza vikianza msimu wa makongamano sanduku langu linajaa maswali ya matembezi, safari hii yamekuja mengi mpaka nimeamua ukurasa mzima uwe wa hayo tu, wa ndoa na wa mikopo nivumilieni hadi toleo lijalo. Majina nimeyaficha kama kawaida yetu.

Mwenyeji shikamoo. Nipo kwenye kamati ya maandalizi ya kongamano la chuo kimoja hapa Mwanza, wageni kama 120, wa ndani na wa nje. Siku ya pili mchana hakuna mada, kuanzia saa 8 hadi saa 12, na mwenyekiti anataka wote wapande makosta tuwapeleke Bujora, Saanane, Jiwe la Bismarck na tumalizie Mwaloni Kirumba ili "waione Mwanza yote". Mi naona haiwezekani ila yeye ni profesa na mi ni msaidizi tu. Nimwambieje? Msaidizi wa kamati, Nyegezi

Marahaba ng'wanawane. Uko sahihi, ila usiende kumwambia profesa "haiwezekani", hapo atakaza. Chukua karatasi, andika ratiba yake vile vile anavyoitaka halafu weka dakika pembeni ya kila kitu, mpelekee umwambie Prof naomba unisaidie hapa muda unanizidi, tupunguze wapi? Atapunguza mwenyewe na kesho yake atawaambia wenzie ni wazo lake, muache.

Maana hesabu yenyewe inaongea. Bujora iko Kisesa, kama kilomita 20 kutoka mjini kwenye barabara ya Musoma, na kama ukumbi wenu uko upande wa Nyegezi afadhali mpitie Usagara mtokee Kisesa kwa ile barabara inayokwepa mji, lakini hata hivyo ukijumlisha kwenda, kurudi na kuwasubiri wale wanaokumbuka msalani dereva akishawasha gari, nusu ya muda wenu imeshaliwa na hamjasikia hata ngoma moja. Saanane nayo ni kisiwa, mnavuka kwa boti kutoka Capri Point, safari fupi tu dakika kumi hivi, ila kwa watu 120 hiyo boti itakwenda na kurudi mara ngapi? Wa kwanza watakuwa wameshazunguka wamechoka, wa mwisho bado wako upande wa huku wanapigwa jua. Na huko Mwaloni jioni mnaenda kuangalia nini, soko la samaki ni la asubuhi, jioni limeshapoa.

Fanya makundi. Kwenye meza ya usajili weka karatasi nne, kila karatasi sehemu moja tu, na juu yake andika saa ya kuondoka, saa ya kurudi, bei, kama kuna kupanda mawe au kuvuka maji, na nafasi zisizidi 25. Mtu anajiandika mwenyewe, ikijaa imejaa. Saa ziandike kwa namna zote mbili, saa 8 mchana na 14:00 pembeni, vinginevyo kuna mtu atakuja kusimama getini saa 2 asubuhi na kofia yake. Hao 20 watakaobaki hawajajiandika popote waache walale, mtu aliyesafiri usiku na asubuhi kakaa kwenye mada tatu kulala kwake ni matembezi tosha.

Sasa karatasi zenyewe. Ya kwanza Bujora, mchana mzima Bujora peke yake. Pale kuna makumbusho ya Wasukuma, yalianzishwa na padri wa Kikanada, David Clement, na kanisa lake tu mtu anaweza kukaa nusu saa analitazama jinsi alivyochukua nyumba na vitu vya enzi vya Kisukuma akavitia kwenye jengo la ibada. Kuna jumba lenye umbo la kiti cha mtemi, kuna ngoma za watemi, kuna sehemu ya wahunzi. Ila mgeni atakachokumbuka ni ngoma ikichezwa, na wachezaji hawakai pale wakikusubiri wewe, unapiga simu siku kadhaa kabla mnakubaliana bei. Atakayeongoza awaeleze habari ya Bagika na Bagalu, makundi mawili ya ngoma yaliyotokana na waganga wawili, Ngika na Gumha, kila mmoja anajiona dawa yake ndo kali, wakashindanishwa kwa ngoma, anayevuta watu wengi ndo mshindi, na mashindano hayo wajukuu wanayaendeleza mpaka leo. Kongamano likiangukia Juni ulizia Bulabo, sherehe inayokwenda na sikukuu ya Ekaristi, hapo utaona watu wanacheza na majoka na fisi na majembe yanarushwa juu. Na njiani wapeni michembe na matobolwa (viazi vitamu vilivyokaushwa) na karanga badala ya biskuti, jamani, biskuti wanazo kwao.

Ya pili ni mjini kwa miguu, na hii mi ndo naipenda kuliko zote ingawa wenyeviti wa kamati huwa wanaidharau kwa sababu haina gari. Mnaanzia Kamanga kwenye Jiwe la Bismarck, jina waliliacha Wajerumani kwa heshima ya Otto von Bismarck, kansela wao. Watu wengi wanapiga picha dakika tano wanaondoka. Wakati msomi ukimsimamisha pale ukamuuliza hili jiwe nani kaliweka hapo juu, atakaa. Hakuna aliyeliweka! Hayo ni matale ya umri wa zaidi ya miaka bilioni 2, yalikuwa mwamba mmoja chini ya ardhi wenye nyufa nyufa, maji yakapita kwenye nyufa yakaula mwamba polepole na kuzungusha kona, udongo laini ukaoshwa na mvua, likabaki gumu likiwa limekaa juu ya gumu lenzie. Ukishawaeleza hivyo mji mzima wanauona upya, nyumba za kule milimani juu ya mawe, mtu kafanya jiwe kuwa ukuta wa jiko. Baada ya hapo pandeni taratibu mpaka Capri Point, jua kwetu linazama kama saa moja kasoro hivi karibu mwaka mzima, kwa hiyo waambie kabisa hili kundi ndo litarudi mwisho.

Saanane iwe ya tatu. Kisiwa kidogo, hifadhi ya taifa tangu 2013, zamani ilikuwa bustani ya wanyama ya serikali, ya kwanza nchini, 1964, na jina ni la mzee Saanane Chavandi aliyekuwa na makazi na shamba pale. Usiwaahidi simba wa porini. Waahidi pimbi, swala, mijusi ya rangi na mawe. Kitu kinachowaangusha wengi ni malipo, TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, hawapokei noti mkononi, na bei ya raia wa Afrika Mashariki si ya mgeni wa nje, kwa hiyo kwenye karatasi ya kujiandika weka sehemu ya uraia na uwaambie waje na kitambulisho au pasi, malipo yafanyike kabla ya siku yenyewe.

Na ya nne, kama mna wahandisi au wachumi kati yenu, daraja la Kigongo na Busisi, Daraja la JP Magufuli. Kilomita 3 juu ya maji, limefunguliwa Juni 2025. Ukimkuta dereva wa zamani aliyekuwa analala kwenye foleni ya kivuko akawasimulia, hana haja ya kipaza sauti. Msisimame katikati ya daraja kupiga picha, vukeni mshuke upande wa Sengerema.

Kila kundi liwe na watu wawili wa kwenu, wa mbele anaongea, wa nyuma anahesabu. Huyu wa nyuma ndo muhimu ingawa hakuna anayetaka hiyo kazi.

Mimi nauza dagaa na kayabo (sangara aliyekaushwa kwa chumvi) Mwaloni Kirumba miaka mingi. Siku hizi wanaletwa wageni wa mikutano wana vitambulisho shingoni, wanatupiga picha bila hata salamu, aliyewaleta anasimama mbali anawaeleza mambo yetu kwa Kiingereza wanacheka, halafu wanaondoka hawajanunua hata sado moja. Nina haki ya kukataa? Mama Dagaa

Mama shikamoo. Kataa. Sura ni yako, meza ni yako, huhitaji sababu. Weka mkono mbele, sema hapana, na kama anaendelea muite aliyewaleta umwambie mbele yao, ataona aibu yeye kuliko wao.

Ila nikuambie na upande wa pili mama, wengi wa hao wageni hawana ubaya, hawajaambiwa tu. Wako wengine kwao kupiga picha sokoni ni kawaida na wanadhani wakikusalimia watakusumbua na kazi. Mwenye kosa ni kiongozi, na maneno yanayofuata nawaambia viongozi wa makundi wote wanaosoma hapa.

Siku moja kabla nenda mwenyewe pale bila wageni, ongea na uongozi wa soko, tafuta wafanyabiashara watatu wanne wanaokubali kuongea na wageni na mkubaliane watapata nini. Leta watu kumi, wasizidi, watu 30 kwenye njia za Mwaloni wanaziba wapagazi wenye magunia mgongoni, na mpagazi hana breki. Leta asubuhi mapema. Halafu mpe mwenye biashara nafasi ya kueleza mwenyewe, wewe tafsiri tu, kwa sababu anayejua kwa nini kayabo inakwenda mpaka Kongo na kwa nini bondo la sangara, ule mfuko wa hewa wa tumboni, lina bei kuliko minofu ni mama hapa, sio wewe uliyesoma kwenye simu jana usiku. Na yale maneno anayosema yasikilizwe mpaka mwisho, maana hapo msomi anapata kitu ambacho ukumbini hakipo, kwa mfano kwamba dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa, mbalamwezi ikiwa kubwa taa haiwavuti na wavuvi wengi wanapumzika, kwa hiyo bei ya dagaa inafuata mwezi wa angani. Kiongozi mwenye akili anaangalia hiyo kabla ya kupanga tarehe, wiki ya mbalamwezi mwalo unapoa.

Na wewe mama hebu fanya biashara na hii shida. Mgeni wa ndege hawezi kubeba sado ya dagaa, atanuka nayo mpaka kwao. Funga vipakiti vidogo, safi, vilivyofungwa mara mbili, bei imeandikwa kwa kalamu kubwa. Anayenunua anaruhusiwa picha moja. Utaona watakavyopanga foleni.

Niko mwaka wa pili nasoma utalii. Mhadhiri ameniambia niongoze wageni wa kongamano siku mbili, hakuna malipo ila "utapata uzoefu na connection". Nikubali? Na je naruhusiwa kisheria? Mwana Utalii

Mdogo wangu, uzoefu haulipi nauli ya daladala. Siku mbili za kusimama juani na kuongea ni kazi, na kamati ambayo ina hela ya mabegi yenye nembo na chupa za maji zenye nembo haikosi ya kukulipa. Muulize mhadhiri kwa adabu, kabla ya kukubali si baada: nitapata posho kiasi gani, chakula na nauli vipo, na nikipata dharura nani anashika kundi. Hayo matatu yaandikwe hata kwenye ujumbe wa WhatsApp. Wakisema kweli hawana kabisa, basi omba barua yenye jina lako na kazi uliyofanya, iliyosainiwa, uipate siku ya kufunga kongamano sio "tutakutumia", maana hiyo ya kutumiwa nadhani unaijua.

Kuhusu sheria, kuwa mwenyeji wa chuo unayewasindikiza wageni wa chuo na kufanya biashara ya kuongoza watalii ni vitu viwili. Ukianza kujitangaza na kuchaji watu kama muongoza watalii, Sheria ya Utalii ya 2008 inakutaka uwe na leseni kutoka wizara ya maliasili na utalii. Na sehemu zenye waongozaji wao usijifanye mjuaji, Saanane kuna maofisa wa hifadhi, Bujora kuna wenyeji wao, wewe unawaachia mnapofika na unabaki kuhesabu watu na kutafsiri.

Jiandae na maswali haya matatu manake yatakuja tu: mawe (nimeshajibu hapo juu), sangara, na ziwa lina ukubwa gani. Ziwa ni kama kilomita za mraba 68,800, sehemu kubwa kabisa ni ya Tanzania na Uganda, Kenya ina kipande kidogo tu. Sangara hakuwa wa ziwa hili, aliletwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, akaongezeka sana miaka ya 1980, akala furu, samaki wadogo wa humu ziwani, wa aina nyingi mno mpaka wengine hawajaonekana tena, na hapo hapo akaleta viwanda na ajira na mji huu ukakua. Usimalizie kwa kusema ni mzuri au mbaya, waache wabishane, watabishana mpaka hotelini na wewe utaonekana ni muongozaji bora wa kongamano zima.

Swali usilolijua sema silijui nitauliza. Wale watu ni watafiti, uongo wanaunusa.

Nakuja kongamano Mwanza kutoka Dodoma, nabaki na siku moja kabla ya ndege ya kurudi. Serengeti inawezekana kwenda na kurudi siku hiyo hiyo? Dkt. wa Dodoma

Inawezekana daktari, geti la Ndabaka liko barabara ya Musoma ukishapita Magu na Lamadi, ni masaa mawili na kitu kwa gari. Mtoke saa 11 alfajiri, muwe getini mapema, mtembee ukanda wa magharibi upande wa Grumeti, na saa 9 mchana muanze kurudi. Nyumbu wanapita pale kati ya Mei na Julai hivi, miezi mingine utaona wanyama wengine lakini usitegemee makundi yale ya kwenye kalenda.

Ila siku hiyo isiwe ya ndege. Watu wanapanga Serengeti asubuhi na ndege jioni, pancha moja tu Lamadi na tiketi imekwenda. Tafuteni wanne watano mchangie gari, peke yako itakuumiza, na kampuni muulize leseni na kama bei imejumlisha kiingilio cha gari na cha watu, wengine wanakutajia nusu ya bei halafu getini ndo unajua.

Mume wangu anatoa mada, mi na watoto wawili (miaka 6 na 10) tunamsindikiza. Tutafanya nini siku nzima? Wanataka kuogelea ziwani na mi maji naogopa, boti sijawahi kupanda. Mama wa watu wawili

Karibu sana dada. Kuogelea ziwani hapana, hata kama utaona watoto wa hapa wanaogelea. Kwenye maji ya pembeni yenye majani kuna konokono wanaobeba kichocho, vijidudu vinaingia kwenye ngozi kwa dakika chache tu na mtu hasikii kitu mpaka wiki kadhaa zipite. Tafuteni hoteli yenye bwawa, nyingi zinaruhusu wa nje kwa kiingilio. Kama watoto wameshaingia ziwani kabla hujasoma hapa usihangaike, ukifika nyumbani subiri wiki chache uwapeleke wakapimwe, dawa ipo na inatibu.

Boti ya Saanane ni safari fupi mno, hata mwenye hofu anaiweza. Nendeni asubuhi maji yakiwa yametulia, mchana upepo huwa unaamka. Vaa jaketi la kuokolea kabla hujakanyaga boti na uwafunge watoto mwenyewe, lile la mtoto liwe la saizi ya mtoto, la mkubwa linamtoka kichwani. Likiwa halipo la saizi yake msipande, subirini. Hakuna atakayekuona mshamba, huu mji umezika watu wa meli ya MV Bukoba iliyozama Mei 1996, kaburi lao la pamoja liko Igoma, na 2018 tukazika tena wa kivuko cha MV Nyerere kilichozama kule Ukara, mtu wa Mwanza anayecheka mtu akivaa jaketi sijamuona bado. Boti za watu binafsi zinazokuita pale ufukweni kwa bei nafuu usipande kama hazina namba ya usajili na majaketi ya kutosha watu wote.

Mkirudi mchana kuleni sato wa kubanika na ugali, mwambie anayepika atoe pilipili kwa watoto. Na jioni mume akitoka ukumbini muulizie kama kamati imeruhusu familia kwenye matembezi ya kesho yake, mara nyingi nafasi zipo ila hawatangazi, lazima uulize kwenye meza ya usajili kabla ya chai ya saa 4.